Mpe Kiumbe Wako Deni Kabla ya Kumpa Pembe

Mwulize kijana wa Ngamiani au Makorora dunia ya kubuni anayoipenda kuliko zote, hatakuomba muda wa kufikiri. Atakutajia bahari za One Piece, au milima ya theluji ya Skyrim, au misitu ya Tolkien aliyoingia kwa mlango wa filamu kabla ya kukiona kitabu. Mwulize tena, kama angejaliwa kuzaliwa katika mojawapo ya jamii za viumbe wa huko angechagua ipi, na hapo mjadala utapamba moto mpaka bando liishe: huyu anataka kuwa elfi, yule mtu-paka, mwingine anataka kumiliki jini la kwenye Magi. Ukizisikiliza sababu zao utagundua kuwa karibu zote ni za sura. Masikio marefu, macho yanayobadilika rangi, mabawa, upanga mkubwa kuliko aliyeubeba. Hakuna ubaya. Lakini siku hizi wamo miongoni mwao wasiotosheka kutazama na kucheza. Wanaandika hadithi zao kwenye simu, wanachora ramani za falme nyuma ya madaftari ya hesabu, na wengi hukwama ukurasa wa tano wasijue kwa nini. Ushauri huu ni wao, na ni wa mzazi au mwalimu anayetaka kujua amchagulie mtoto dunia ipi kati ya hizo zilizojaa sokoni. Nasema hivi: sura ya kiumbe ndiyo jambo la mwisho. Dunia ya kubuni husimama kwa madeni yake, yaani nani anadaiwa nini, anadaiwa na nani, na asipolipa kunatokea nini. Na mtu wa pwani ya Tanga anayetaka kujifunza ufundi huo hana haja ya kuanzia Tokyo.

Tuanze hata hivyo na Tokyo, kwa kuwa ndiko vijana waliko. One Piece ya Eiichiro Oda imekuwa ikichapishwa tangu mwaka 1997, na viumbe wake hawahesabiki. Kinachoishikilia dunia ile pamoja ni sharti moja rahisi: anayekula tunda la shetani hupata uwezo usio wa kawaida, na papo hapo hupoteza uwezo wa kuogelea. Bahari inamkataa. Akitumbukia anazama kama nanga. Mvuvi wa Moa au Kigombe hahitaji kufafanuliwa ukali wa sharti hilo: dunia ambayo karibu yote ni maji, watu wake ni mabaharia, na bei ya nguvu ni kunyang'anywa maji yenyewe. Oda angeweza kumpa shujaa wake mikono ya mpira bila kumdai chochote, na leo hii tungekuwa tumeshamsahau. Hiromu Arakawa naye, katika Fullmetal Alchemist, aliweka sheria kwamba hupati kitu bila kutoa kinacholingana nacho. Ndugu wawili wanajaribu kumfufua mama yao. Mmoja anapoteza mguu, kisha mkono. Mwingine anapoteza mwili mzima na roho yake inabaki imefungwa ndani ya deraya ya chuma. Hadithi nzima baada ya hapo ni watu wawili wanaohangaika na deni. Tunasema dawa ya deni ni kulipa, na Arakawa aliandika vitabu 27 kuonyesha namna inavyokuwa pale malipo yanapokuwa hayapatikani.

Hata elfi, ambaye ametumika mpaka amechakaa, hupata uhai mpya akidaiwa kitu. Frieren, aliyeandikwa na Kanehito Yamada na kuchorwa na Tsukasa Abe kuanzia mwaka 2020, ana masikio marefu kama elfi wengine wote, wala si masikio yaliyomfanya apendwe. Amekwisha ishi zaidi ya miaka 1,000. Alisafiri na binadamu kwa miaka 10, na kwake miaka 10 ni kama alasiri moja. Rafiki mmoja wa safari ile alipozeeka na kufa, ndipo elfi akalia kaburini kwa kutambua kwamba hakuwahi kumjua. Umri mrefu si zawadi ya bure, unalipwa kwa misiba. Katika gemu, mfano ninaoupenda umo katika Skyrim ya mwaka 2011. Watu-paka wanaoitwa Khajiit ni wafanyabiashara wa msafara, nao utawakuta wamepiga mahema nje ya kuta za mji kwa kuwa hawaruhusiwi kupita langoni. Mchezaji anajifunza mengi juu ya jamii hiyo kwa lile lango lililofungwa kuliko kwa manyoya na mikia. Amri moja ya mlangoni imefanya kazi ambayo kurasa 10 za maelezo ya mavazi zisingeiweza.

Kipimo chake kinafanyika nyumbani. Chukua kiumbe unayempenda, mvue masikio, mkate pembe, mpake rangi ya binadamu. Kama bado unamtambua, mwandishi wake alifanya kazi. Kama aliyebaki ni kijana mrembo mwenye upanga asiyetofautiana na wengine, basi kile kilichokuvutia kilikuwa vazi. Wengi watafeli kipimo hiki, na mzazi anayechagua cha kumwekea mtoto anaweza kukitumia bila kujua jina hata moja la anime: amwulize mtoto, "Huyu unayempenda, ni nini asichoruhusiwa kufanya?" Mtoto akijibu kwa dakika tano bila kupumua, hapo pana dunia. Akibaki kusema ana nguvu sana, pana rangi na kelele.

Sasa turudi kwetu, kwa kuwa ufundi huu pwani uliandikwa zamani. Mwaka 1903 kilichapishwa Ujerumani kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichokusanywa na Carl Velten, na sehemu kubwa ya maandishi yake yalitoka kwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa jirani ya Bagamoyo. Humo pepo hawaelezwi kama kundi moja la vitu vya kutisha. Kila aina ina jina lake, ngoma yake na matakwa yake. Mwaka 1969 mwanaanthropolojia Robert Gray alichapisha uchunguzi wake juu ya ngoma za shetani kwa Wasegeju, hapa hapa pwani ya Tanga. Anayetafuta jamii za viumbe hana haja ya kuagiza, maana katika pwani hii pepo wana makabila. Yupo wa Kihabeshi, yupo wa Kimasai, yupo wa Kiarabu, na Unguja wapo Kibuki, ambao asili yao inatajwa kuwa ni Bukini, yaani Madagaska. Anayepandwa na pepo huitwa kiti, kwa kuwa ndiye anayekaliwa. Na hapa ndipo mwandishi chipukizi anatakiwa kutega sikio: mganga anayesimamia ngoma hamwendei pepo kwa upanga. Anamhoji. Wewe nani? Umetoka wapi? Unataka nini?

Maswali matatu hayo yana ujenzi wa dunia ndani yake kuliko vitabu vingi vya kufundishia uandishi. Majibu yanatofautisha kabila na kabila kwa namna ambayo mchoraji wa pembe hawezi. Rohani wa Kiislamu atataka udi na marashi, nguo nyeupe, usafi. Ukimkaribisha penye pombe umemtukana. Kibuki yeye ataagiza brandi. Mmoja atasema maneno ya Kiarabu, mwingine lugha ambayo kiti mwenyewe akiwa na akili zake haijui. Hebu fikiria sinia mbili zimewekwa mkekani, moja ina chetezo na chupa ya marashi, nyingine ina chupa ya brandi na bilauri. Hakuna aliyemwona pepo yeyote, hakuna aliyechora hata kucha, na bado kila aliyeketi pale anajua wageni wawili wanaosubiriwa hawafanani. Kisha lipo swali la nne ambalo halitamkwi, ila liko vichwani mwa jamaa wote wa mgonjwa: asipopewa, je? Kiti ataugua tena. Ngoma itabidi ipigwe upya, na gharama zake zitatoka mfukoni mwa ndugu wale wale. Hapo kiumbe, familia na uchumi wa kaya vimefungwa kamba moja. Waandishi wa gemu kubwa wanalipwa fedha nyingi kutafuta kifundo cha namna hiyo.

Aliyekitumia kifundo hicho kwa kalamu akafanikiwa kuliko wote ni mwenyeji. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, alichapisha Adili na Nduguze mwaka 1952. Alikuwa amefanya kazi ya ukarani wa forodha kwa miaka mingi, na mimi huona si bure kwamba kisa chake cha majini kinaanza na kodi iliyochelewa: Mfalme Rai anamtuma Ikibali akafuate mapato ya Janibu. Kule Ikibali anakuta jambo lisiloelezeka. Adili, liwali mpole anayesifiwa na kila raia, huamka usiku akawachapa manyani wawili waliofungwa, naye mwenyewe uchungu unamtafuna. Manyani hao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliomtosa baharini kwa choyo. Huria, binti wa kijini ambaye Adili aliwahi kumwokoa, ndiye aliyewageuza, na sharti lake ni kwamba wachapwe kila usiku. Adili akiacha, kipigo kinamgeukia yeye. Angalia madeni yalivyosukana. Jini analipa fadhila, ndugu wanalipa usaliti, na mwadilifu analipa kwa mkono wake mwenyewe adhabu asiyoitaka. Sura ya Huria msomaji huisahau kabla ya kulala. Sharti lake anaamka nalo.

Hapa nijibu mara moja malalamiko ya wale wanaosema vijana wetu wanaiga mno, leo Ujapani, kesho Marekani. Mifupa ya Adili na Nduguze si ya Tanga. Imo katika Alfu Lela Ulela, kisa cha Abdallah bin Fadhil, liwali wa Basra, na kaka zake. Mle wanaogeuzwa huwa mbwa. Shaaban Robert aliuchukua mtandao wa madeni karibu wote, kisha akabadili ngozi: mbwa wakawa manyani. Kwa nini? Nadhani ni kwa sababu nyani, kwa mkulima wa nyuma ya Tanga, ni adui mwenye sura ya jamaa. Anaiba mahindi kwa mikono kama yako, anakaa juu ya kichuguu anakutazama, na macho yake ni ya mtu anayejua alichokifanya. Ndugu msaliti asingepata ngozi inayomkaa vizuri zaidi ya hiyo. Kwa hiyo si vibaya kukopa, ila kopa mfupa, nyama tafuta shambani kwako. Vijana wengi hufanya kinyume: wanachukua ngozi (ninja, elfi, mnara wa barafu) na mfupa wanauacha Ujapani, halafu wanashangaa hadithi haisimami. Kusadikika, ya mwaka mmoja kabla, ina somo hilo hilo kwa ufupi zaidi. Nchi nzima inaelea angani, jambo ambalo mwandishi mwingine angelipamba kurasa kwa kurasa. Shaaban Robert analipita upesi, akatupeleka mahakamani, ambako Karama anashtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria, na tunahadithiwa wajumbe sita waliotumwa pande sita za dunia wakarudi na mambo ya manufaa, wakafungwa. Nchi ile inaaminika kwa mashtaka yake, wala hakuna anayeuliza inaeleaje.

Pingamizi zito zaidi ni la dini, na sitaki kulipuuza. Msomaji Mwislamu ataniambia kuwa jini si elfi. Majini yametajwa katika Kurani, ipo sura nzima yenye jina lao, na kuyafanya mchezo wa kuigiza ni ama dharau ama mlango wa ushirikina. Mkristo wa Muheza naye anaweza kulalamika kwa namna yake. Nakubali sehemu ya kwanza moja kwa moja: ukiandika neno jini pwani hii hujabuni kitu, umemtaja mtu ambaye jirani yako anamwogopa. Ndiyo maana ushauri wangu ni kuchukua maswali ya ngomani, si wahusika wa ngomani. Usitumie majina ya pepo ambao watu wanawahudumia kwa kweli, usinakili maneno ya uganga, na wala usiingie kwenye shughuli ya watu ukiwa na simu ya kurekodi kwa kisingizio cha utafiti. Buni kiumbe wako, mpe jina lake, kisha mkalishe chini umhoji kama mganga anavyohoji. Ama kuhusu ushirikina, mwandishi aliyewapa majini nafasi kubwa katika fasihi yetu alikuwa Mwislamu, na kitabu chake hakimfundishi msomaji kumwita jini yeyote. Kinamfundisha kwamba hata jini amefungwa na ahadi. Kwangu, hadithi yenye jini anayetii sharti haina hatari ya hadithi yenye mchawi anayeweza lolote, maana hii ya pili ndiyo inayomfundisha mtoto kuogopa giza.

Lipo pingamizi jingine ambalo vijana wenyewe hulitoa: kama kila jamii ya viumbe imepewa sharti na tabia yake, si tumerudi kwenye ukabila? Wasiwasi huo ni wa haki, na watengenezaji wakubwa wameushughulikia wakiwa wamechelewa. Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ulioanza mwaka 1974 na ambao gemu nyingi za leo zimetokana nao, uliziita jamii zake kwa neno lile lile wanalotumia Wamarekani kwa rangi za watu, mpaka kitabu chake kikuu cha mwaka 2024 kilipoliacha. Kwa miongo mingi wasomaji walikuwa wamekwisha ona kwamba majitu meusi ya porini yanayozaliwa maovu yanafanana mno na masimulizi ya mkoloni kuhusu watu fulani. Sisi tuna sababu za karibu zaidi za kuogopa uovu unaosomwa mwilini. Katika nchi hii vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu yaliyokaushwa na moshi wa kuni, na watu wenye ualbino wamewindwa kwa ajili ya ngozi yao. Mwandishi anayempa adui wake kibiongo na macho mekundu ili msomaji ajue huyu ni mbaya, anatia kuni motoni, hata kama hakukusudia. Lakini tazama: kosa hilo ni la sura, na deni ndilo linalolitibu. Kiumbe anayepimwa kwa ahadi zake anaweza kuzitimiza au kuzivunja, kwa hiyo anaweza kuwa mwema au mwovu kama mtu mwingine yeyote.

Milima ya Usambara inayo hadithi iliyoligeuza jambo hilo kichwa chini. Katika Habari za Wakilindi, iliyoandikwa na Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, Mbega ni kigego, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza. Hiyo ilikuwa ni alama ya nuksi, na kigego hakuachwa aishi. Yeye aliishi, akafukuzwa kwao Ngulu, akapanda Usambara na mbwa wake wa kuwindia, akaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akagawa nyama. Watu wakajikuta wanadaiwa na mgeni aliyewashibisha, na mwisho wakamlipa kwa ufalme. Mwili ulisema nuksi, deni likasema mfalme, na deni likashinda. Kama ungependa ushahidi usio wa hadithi kwamba hakuna jamii yenye tabia ya kudumu, wachukue Wasegeju. Wareno waliokuwa Malindi mwishoni mwa karne ya 16 waliwaandika kama wafugaji wapiganaji, walioishi kwa maziwa na damu ya ng'ombe, na mwaka 1589 ndio waliowasaidia watu wa Malindi kuwashinda Wazimba. Leo Msegeju wa pwani ya Mkinga anatweka tanga, na wengi wao husema Kidigo na Kiswahili. Mjenzi wa dunia anayeziganda jamii zake kama masanamu, kila elfi mpiga upinde na kila mbilikimo mchimba madini tangu kuumbwa kwa ulimwengu, hajatazama jirani zake.

Wengine watasema masharti mengi yanaua ajabu. Dunia ikiwa na sheria kila kona, imebaki na uchawi gani? Jibu liko kilometa 8 hivi kaskazini ya mji wa Tanga, kwenye mapango ya Amboni. Wenyeji husimulia kwamba yanafika Mombasa, wengine wanasema Kilimanjaro, na kuna kisa cha mbwa aliyeingia upande huu akatokea kule mlimani. Wapimaji waliofanya kazi humo mwaka 1994 walikuta kwamba pango refu kuliko yote halifiki kilometa 1. Je, ajabu imekufa? Watu wanaendelea kwenda kwenye mzimu ulio ndani, kuomba mtoto, kuomba kupona, na wanaacha sadaka zao mwambani gizani, popo wakipita juu. Kipimo cha mita hakikugusa chochote cha maana, kwa kuwa uzito wa mahali pale hautoki kwenye urefu. Unatoka kwenye nadhiri: aliyeomba akapewa anatakiwa kurudi. Sharti lifungie kiumbe mikono, lisimweleze. Usimwambie msomaji jini wako anapataje uwezo wake, kwa mionzi gani, kwa damu ya ukoo gani. Mwambie tu ni lini anarudi kudai. (Tena, kwa wanaodhani uhalisia hauna ajabu: silikanti, samaki ambaye wanasayansi waliamini alitoweka pamoja na madainosaria mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, ameingia katika nyavu za wavuvi wa Tanga mara kwa mara tangu mwaka 2003, na hifadhi ya bahari yenye jina lake ilianzishwa mwaka 2009. Hakuna mbunifu angethubutu.)

Neno moja juu ya majina, maana hapa wengi hujikwaa. Kumtohoa elfi ni hatari kidogo. Ukikosea herufi ya mwisho anakuwa elfu, na msomaji ataanza kuhesabu. Zaidi ya hapo, kila jina la Kiswahili lina sharti lake tayari. Ukimwita elfi wa Tolkien jini, umemletea udi, ahadi na hofu ambazo hakuja nazo. Zimwi ni mla watu wa ngano, si kila jitu lenye rungu. Mbilikimo ni neno ambalo limetumika kwa watu halisi wa msitu wa Kongo, na si kwa heshima. Fikiria mara mbili kabla ya kulichapa kwenye gemu. Wasimuliaji wa filamu waliozifanya sinema za kigeni zieleweke katika vibanda umiza vyetu, na Lufufu ndiye maarufu wao, walijua kwamba hutafsiri neno kwa neno. Unamwambia mtazamaji kiumbe huyu anataka nini, naye atajipatia jina kichwani. Ukishindwa kupata neno, acha jina la kigeni lilivyo au buni jipya lenye sauti ya kwetu. Shaaban Robert aliwaita watu wake Hasidi, Mwivu, Adili, majina yanayotangaza madeni yao mlangoni. Mtindo huo leo unaweza kuonekana mzito, lakini usiucheke kabla hujapata ulio bora.

Je, soko lipo? Mwaka 2024 ilitoka gemu ya Tales of Kenzera: Zau, iliyoongozwa na Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, na mchezaji anaweza kuichagua izungumze Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Aliitengeneza akiwa na huzuni ya kufiwa na baba. Ndani yake kijana Zau anamwendea mungu wa kifo, Kalunga, na kuweka naye mapatano: nitakuletea pepo wakuu watatu, nirudishie baba yangu. Hapo tena, makubaliano, bei, mdai na mdaiwa, na mchezaji wa Brazil au Norway ambaye hajui Kibantu hata kimoja anaelewa mara moja. Usitegemee kwamba kila anayeanza atafika huko. Kutengeneza gemu ni gharama, na hadithi nyingi zitaishia kwenye simu ya rafiki. Hiyo si sababu ya kuzijenga vibaya.

Basi anza hivi. Katafute Adili na Nduguze, kitabu chembamba, ukisome kwa kuandika pembeni kila anayedai na kila anayedaiwa. Kisha chukua kiumbe wako unayemchora kila siku, funga daftari la picha, na uandike ukurasa mmoja juu yake bila kutaja rangi, urefu, jicho wala pembe. Mhoji: wewe nani, umetoka wapi, unataka nini. Mpe sharti moja tu, si kumi, na hakikisha linamgharimu kitu anachokipenda, kama bahari ilivyomgharimu baharia wa Oda. Ukurasa ukiisha, usimpelekee shabiki mwenzio wa anime, maana yeye atajazia mwenyewe yale uliyoyasahau. Msomee shangazi anayekaanga mihogo barazani, asiyejua Naruto wala Gandalf. Akikuuliza kiumbe huyo ana sura gani, rudi ukaandike upya. Akiacha kugeuza mihogo akakuuliza, "Na asipolipa?", kaa hapo hapo umsimulie.